Namba ya Tezi Haisomwi Peke Yake

Chukulia mwanamke wa Mkata, wilayani Handeni, mwenye ujauzito wa wiki 10. Moyo unamwenda mbio, anatapika asubuhi hadi jioni, na uzito wake umepungua. Mhudumu aliyempokea kliniki anaona pia kwamba shingo imejaa kidogo, akaagiza kipimo cha tezi. Damu inachukuliwa, sampuli inasafiri kupita Segera hadi kwenye maabara yenye mashine ya homoni, na baada ya siku kadhaa karatasi inarudi. Imeandikwa TSH 0.2, na kando ya namba hiyo mashine imechapa herufi L, yaani chini ya kiwango. Kiwango chenyewe kimechapwa hapo hapo: 0.4 hadi 4.0.

Herufi hiyo moja ina nguvu kuliko inavyostahili. Jirani mwenye Kiingereza kidogo anaitafsiri kuwa tezi imeharibika. Mhudumu anakumbuka somo la chuoni kwamba TSH ikishuka tezi inafanya kazi kupita kiasi, na fikra zake zinakwenda moja kwa moja kwenye kabimazoli. Wote wawili wameisoma karatasi kama ilivyoandikwa. Lakini kuna jambo ambalo mashine haikuambiwa, nalo ni kwamba mwenye damu hiyo ni mjamzito.

Tezi ya shingo, ambayo huitwa pia tezi dundumio au thairoidi, hutengeneza homoni zinazoamua mwili utumie nguvu kwa kasi gani. Msomaji aliyekulia Korogwe anaweza kuielewa kwa kukumbuka shamba la mkonge. Nyapara husimama kando ya mistari ya wakataji. Mizigo ya majani ikija kwa wingi yeye hunyamaza. Ikipungua, sauti yake hupanda. TSH ni sauti ya nyapara, nayo hutoka kwenye tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo. T4 ni mizigo yenyewe. Basi TSH ya juu huashiria kuwa tezi ya shingo imelegea, na TSH ya chini huashiria kuwa mizigo imezidi. Nyapara huyu tena ni mwepesi wa kukasirika: T4 ikipungua kidogo tu, TSH hupanda mara nyingi zaidi. Ndiyo maana kipimo cha TSH hutangulizwa, na ndiyo maana kikisomwa vibaya madhara yake huwa makubwa.

Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito hutokea mwingine mwenye sauti shambani. Homoni ya ujauzito, ile ile inayochora mstari wa pili kwenye kipimo cha mkojo, inafanana kwa umbo na TSH, na huweza kuiamrisha tezi. Kilele chake ni karibu na wiki ya 10. Tezi huitikia amri ya huyo mgeni na kuongeza kazi; nyapara wa zamani, akiona mizigo inatosha, hushusha sauti. TSH ya 0.2 katika wiki ya 10, ikiwa T4 huru iko ndani ya kiwango, mara nyingi si ugonjwa hata kidogo. Ni mwili unaomlea mtoto. Mama anayetapika sana huweza kushuka hata zaidi ya hapo, kisha akapanda mwenyewe kadiri wiki zinavyosonga. Kabimazoli kwa upande wake ni dawa inayoweza kumwachia mtoto kasoro za kuzaliwa ikitumika katika wiki hizo hizo za mwanzo, kiasi kwamba hata mjamzito aliyethibitika kuwa na ugonjwa wa Graves hupewa PTU badala yake katika kipindi hicho. Mtoto wa mama wa Mkata anaweza kudhurika kwa sababu ya herufi iliyochapwa na mashine isiyojua kuwa yupo.

Mwongozo wa Chama cha Tezi cha Marekani wa mwaka 2017 unataka kila jamii iwe na viwango vyake vya wajawazito, kwa kila kipindi cha ujauzito. Pasipo viwango hivyo, mwongozo unaelekeza kwamba kati ya wiki ya 7 na ya 12 kikomo cha chini kishushwe kwa takriban 0.4 na cha juu kwa takriban 0.5. Kwa hesabu hiyo peke yake, 0.2 ya mama huyu inarudi ndani ya uzio. Hakuna dawa iliyotumika wala damu ya pili iliyochukuliwa. Kilichobadilika ni swali tu.

Ni nani basi waliopimwa hadi ikaamuliwa kuwa 0.4 hadi 4.0 ndiyo hali ya kawaida? Kwa desturi, kampuni inayotengeneza vitendanishi huchukua damu ya watu wazima wanaoonekana kuwa na afya, huondoa asilimia 2.5 ya walio juu kabisa na asilimia 2.5 ya walio chini kabisa, na waliobaki huwa ndio kiwango. Mara nyingi watu hao ni wa nchi nyingine, wenye chakula kingine, wenye chumvi nyingine, na si wajawazito. Kiwango hicho si uongo. Ila ni kiwango cha watu fulani, na karatasi haisemi ni watu gani.

Korogwe na Handeni zina haki ya pekee ya kulizungumzia jambo hili. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) ina kituo Korogwe, na wanawake wa wilaya hizi wamechangia damu na muda wao kwa sayansi kwa miaka mingi. Katika utafiti wa malaria ya wajawazito uitwao STOPPAM, uliofanyika Korogwe kati ya 2008 na 2010, umri wa mimba ulipimwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti na ukuaji wa mtoto ukafuatiliwa hadi kujifungua. Mwaka 2012 ikachapishwa chati ya uzito wa mtoto tumboni iliyotokana na wanawake hao wenyewe. Kisha kati ya 2014 na 2016 utafiti mwingine, FOETALforNCD, uliwaandikisha wanawake wa Korogwe na Handeni hata kabla ya kushika mimba, ili kuona upungufu wa damu wa mapema unamfanyia nini mtoto na maisha yake ya baadaye. Ikiwa ilikubalika kwamba mtoto wa Korogwe apimwe kwa chati ya Korogwe, hakuna hoja ya kisayansi inayozuia tezi ya mama yake isomwe kwa kiwango cha mahali pake. Mbeya nako walitangulia: mwaka 2008 vilichapishwa viwango vya maabara vya watu wazima wenye afya wa kusini mwa Tanzania. Kazi ya namna hiyo inawezekana hapa nchini, na inapaswa kuifikia meza ya mhudumu wa zahanati, si kubaki kwenye majarida anayosomewa profesa.

Kabla ya viwango kuna jambo dogo zaidi linalowatesa wagonjwa bila sababu, nalo ni vipimio. Maabara moja huandika T4 huru kwa nanogramu kwa desilita, nyingine kwa pikomoli kwa lita. Mgonjwa aliyepata 1.2 Korogwe mwezi Machi anaweza kupata 15.4 Dar es Salaam mwezi Juni, akarudi nyumbani akiamini homoni yake imepanda mara 12. Haikupanda. Nanogramu 1 kwa desilita ni sawa na takriban pikomoli 12.9 kwa lita, na namba hizo mbili ni kitu kile kile. Vitamini D nayo ina mtego wake: nanogramu 20 kwa mililita ni nanomoli 50 kwa lita. Anayelinganisha karatasi mbili bila kutazama maandishi madogo yaliyo pembeni mwa namba ni kama anayelinganisha debe na kilo. Mgonjwa hapaswi kulaumiwa kwa hilo. Aliyemkabidhi karatasi ndiye aliyetakiwa kumweleza.

Kuhusu vitamini, kosa la kwanza huanza kwenye mazungumzo. Mhudumu anauliza, "Mama, kuna dawa yoyote unayotumia?" Mama anajibu kwa uaminifu kabisa, "Hapana." Kwake yeye dawa ni kitu cha ugonjwa, na kile kidonge cha nywele, kucha na ngozi alichonunua dukani au alichoagiza kwa simu si dawa, ni vitamini. Ndani ya kidonge hicho mara nyingi kuna biotini, na kiasi chake huwa mikrogramu 5,000 au 10,000, ilhali mtu mzima huhitaji takriban 30 kwa siku. Biotini ya ziada haimdhuru sana mwenye kuimeza. Inachodhuru ni kipimo chake.

Njia yenyewe inafaa kuelezwa, kwa sababu mtaalamu wa maabara akiielewa hataisahau. Mashine nyingi za homoni hutumia mvuto mkali uliopo kati ya biotini na protini iitwayo streptavidini. Katika kupima TSH, kingamwili mbili huishika homoni kutoka pande mbili. Moja imefungwa biotini na hunasa kwenye chembe zilizopakwa streptavidini, nyingine hubeba alama inayowaka. Mwanga ukiwa mwingi, TSH ni nyingi. Damu ikiwa imejaa biotini ya kidonge, biotini hiyo hukalia nafasi zote za kunasia, kingamwili huoshwa na kumwagwa, mwanga hufifia, na mashine husema TSH ni ndogo. T4 huru hupimwa kwa njia ya ushindani, ambamo mwanga mdogo humaanisha homoni nyingi. Hivyo kosa lile lile huifanya mashine iseme T4 iko juu. TSH chini, T4 juu: picha kamili ya ugonjwa wa Graves, kwa mwanamke aliyetaka tu nywele zirefuke. Katika baadhi ya mashine hata kipimo cha kingamwili za Graves huweza kudanganywa kwa njia hiyo hiyo, na uongo ukajithibitisha wenyewe.

Mnamo Novemba 2017 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa onyo kuhusu biotini, ikitaja na kifo cha mgonjwa mmoja ambaye kipimo cha moyo kilisomeka chini kuliko ukweli. Si mashine zote zina udhaifu huu. Jibu limo kwenye karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi la vitendanishi, ambayo katika maabara nyingi husomwa siku boksi la kwanza linapofunguliwa na haisomwi tena. Kinga yake haina gharama: mgonjwa aache kidonge hicho angalau siku 2 kabla ya kutoa damu, na zaidi ya hapo ikiwa anatumia dozi kubwa sana. Na swali libadilike. "Kuna kidonge, unga, chai au tone lolote unalotumia, hata la nywele au la kuongeza damu?" Swali hilo ni refu kidogo, lakini humfungua mtu mdomo.

Upande wa pili wa karatasi za siku hizi ni vifurushi. Mtu anayejisikia mchovu hushawishiwa kupima vitu 10 kwa pamoja: tezi, vitamini D, B12, folati, madini chuma na kadhalika. Hesabu yake ni rahisi na haitajwi. Kama kiwango cha kila kipimo kimekatwa ili mtu 1 kati ya 20 wenye afya aangukie nje, basi mtu mzima asiye na ugonjwa wowote akipimwa vitu 10 visivyohusiana ana uwezekano wa takriban asilimia 40 wa kupata angalau herufi moja ya H au L. Watu 4 kati ya 10 wenye afya watatoka maabara wakiwa wagonjwa wa karatasi. Watanunua dawa. Baadhi yao watauza mahindi ili wanunue dawa. Kipimo kisichokuwa na swali nyuma yake kisingepaswa kuuzwa, na mhudumu anayekiagiza ili tu mgonjwa aone amehudumiwa vizuri anamtendea jambo asiloliomba.

Vitamini D inaonyesha jambo hili vizuri kuliko nyingine. Mwaka 2012 watafiti walichapisha vipimo vya Wamasai 35 na Wahadzabe 25 wa Tanzania wanaoishi maisha ya asili; wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, juu sana kuliko wakazi wengi wa Ulaya. Wako waliotoa hukumu kwamba kila binadamu anapaswa kufika hapo. Lakini kikomo chenyewe cha upungufu kimekuwa kikihama: taasisi moja ya Marekani ilisema 50 inatosha kwa karibu watu wote, chama cha wataalamu wa homoni kikasema 75 mwaka 2011, kisha mwaka 2024 chama hicho hicho kikaacha kuitetea 75 na kushauri kwamba watu wazima wenye afya wasipimwe vitamini D kwa mazoea. Mkulima wa Handeni anayepalilia juani, asiye na maumivu ya mifupa, asiyeishi ndani wala kujifunika mwili wote siku nzima, hana sababu ya kulipia kipimo hicho. Mwenye figo mbovu, mtoto mwenye miguu iliyopinda, au mtu anayetumia dawa za kifafa kwa miaka, huyo ni habari nyingine.

B12 ni fupi zaidi: wenye kisukari wanaotumia metformini kwa miaka mingi wanastahili kufikiriwa, hasa miguu ikiwaka au kufa ganzi. Wagonjwa wa selimundu, wanaomeza asidi ya foliki kila siku, nao wakumbukwe, kwa kuwa foliki nyingi huweza kuficha upungufu wa B12 kwenye damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuumia.

Madini chuma na vitamini A yana ugumu wa aina nyingine, na katika wilaya hizi ugumu huo si nadharia. Feritini, kipimo cha akiba ya chuma, hupanda mtu akiwa na homa au malaria, hata kama ghala lake liko tupu. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, lilitoa vikomo viwili kwa watu wazima: mikrogramu 15 kwa lita kwa asiye na maambukizi, na 70 kwa mwenye maambukizi. Vitamini A ya damu hufanya kinyume, hushuka wakati wa homa na kurudi homa ikipoa. Homoni za tezi nazo hutikisika. Mgonjwa aliyelazwa kwa malaria kali au nimonia huweza kuonyesha T3 ya chini na TSH isiyoeleweka, na tezi yake ikawa nzima kabisa. Isipokuwa kuna dalili zinazoilenga tezi yenyewe, damu hiyo ingesubiri mgonjwa apone. Kupima katikati ya homa ni kumpiga mtu picha akiwa anapiga chafya.

Na vitu hivi hukutana ndani ya mwili mmoja. Kimeng'enya kinachoiwezesha tezi kutumia madini joto kinahitaji chuma. Mwanamke mwenye upungufu wa chuma anaweza kula chumvi yenye madini joto na tezi isiitumie ipasavyo. Mahitaji ya madini joto hupanda kutoka mikrogramu 150 kwa siku hadi 250 wakati wa ujauzito. Tanzania ina historia ndefu hapa: katika miaka ya 1980 vidonge vya mafuta yenye madini joto viligawiwa katika wilaya zilizoelemewa na rovu, na katikati ya miaka ya 1990 zikaja kanuni za chumvi. Kazi hiyo iliokoa akili za watoto wengi. Lakini imeacha mazoea ya kudhani kwamba kila tezi ni suala la chumvi, na kwamba kipimo cha TSH cha mtu mmoja kinaweza kusema kama ana madini joto ya kutosha. Hakiwezi. Madini joto hupimwa kwenye mkojo, na hata huo husema habari za jamii. Mkojo wa mtu mmoja wa asubuhi moja hubadilika na alichokula jana. Na mtu mwenye rovu la siku nyingi akipewa madini joto mengi kwa ghafla, tezi yake huweza kufumuka na kufanya kazi kupita kiasi. Aliyekula bada ya mihogo tangu utotoni aulizwe chumvi anayotumia nyumbani na jinsi mihogo inavyoandaliwa kabla ya kuandikiwa chochote.

Mkutano ulio muhimu kuliko yote kliniki ni ule wa kidonge na kidonge. Mama mwenye tezi iliyolegea hutumia levothairoksini. Akishika mimba hupewa FEFO, vidonge vya chuma na asidi ya foliki, na pengine vya kalsiamu. Chuma na kalsiamu huishika levothairoksini tumboni isifyonzwe. Mama anameza vyote pamoja asubuhi kwa glasi moja ya maji, kama alivyoambiwa asisahau dawa zake, na mwezi unaofuata TSH imepanda hadi 9. Mhudumu anaongeza dozi, mama anaongeza vidonge, namba haishuki ipasavyo, na mwishowe anaambiwa hamezi dawa. Kinachotakiwa ni saa 4 kati ya kimoja na kingine: levothairoksini alfajiri, tumbo likiwa tupu, na FEFO mchana au jioni baada ya chakula. Ikumbukwe pia kwamba mwanamke anayetumia dawa hii huhitaji dozi kubwa zaidi mara ujauzito unapothibitika, hivyo aende kliniki mapema asingoje tumbo lionekane; na baada ya dozi kubadilishwa TSH huchukua wiki 6 hivi kutulia, ingawa kwa mjamzito huangaliwa kila baada ya wiki 4. Kupima baada ya siku 7 ni kupoteza nauli.

Atatokea wa kusema kwamba maelezo haya yatawafanya watu wadharau vipimo. Hofu hiyo ina msingi. TSH ya 30 na T4 huru ya chini si suala la mjadala wa viwango. Ni ugonjwa, na kila wiki inayopita ina gharama. Mtoto mchanga mwenye manjano isiyoisha, ulimi mkubwa, kitovu kilichotokeza, choo kigumu na ukimya ambao ndugu huusifu kuwa ni upole, anahitaji kipimo siku hiyo hiyo, kwa sababu ubongo wake hauwezi kusubiri. Mjamzito ambaye T4 huru yake iko juu kweli, macho yametokeza na mikono inatetemeka, apelekwe Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa jijini Tanga, au mbele ya hapo. Wengine watasema vipimo vya tezi ni vichache mno huku vijijini kiasi kwamba hakuna haja ya kelele. Uchache huo ndio unaoipa hoja uzito. Mgonjwa wa mjini akisomewa vibaya Jumatatu hupima tena Alhamisi. Wa Kwamsisi au wa Mombo amekopa nauli, na karatasi aliyopewa ndiyo atakayoishi nayo mwaka mzima.

Kinachohitajika hakisubiri bajeti mpya. Fomu ya kuombea kipimo ina nafasi ya taarifa za kitabibu, ambayo mara nyingi huachwa wazi au hujazwa neno moja, "tezi". Nafasi hiyo ijazwe. Maabara nayo, ikipokea fomu tupu ya mwanamke wa umri wa kuzaa, ipige simu kabla ya kuweka damu kwenye mashine, na karatasi ya majibu ya mjamzito isichapwe kiwango cha asiye mjamzito kana kwamba hakuna kingine. Mgonjwa kwa upande wake atunze karatasi zake zote, za zamani na mpya, aende nazo kila anapokwenda, na aende na vidonge vyake vyote mfukoni, pamoja na vile asivyoviita dawa. Anayo haki ya kuuliza: namba hii imelinganishwa na nani?

Fomu ya mama wa Mkata ingeweza kuandikwa hivi: "Ujauzito wiki ya 10. Anatapika. Shingo imejaa kidogo, macho ya kawaida. Hana homa. Anatumia FEFO. Kidonge cha nywele amekiacha wiki mbili. T4 huru iongezwe." Damu ni ile ile, mashine ni ile ile, na namba inarudi 0.2 kama kwanza, safari hii ikiwa na T4 huru ya 15.4 chini yake. Mhudumu anampa dawa ya kutapika, anamweleza dalili zitakazomlazimu kurudi kabla ya siku yake, na kwenye kadi ya kliniki anaandika: wiki ya 14, TSH na T4 huru zirudiwe.